Ritani inasema dola 18,400, mke yuko Tanga: nani amepita I-864 akiwa amejiajiri?

MvuviWaMaili · 12 Machi 2024

Wakuu habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi, leo nimekwama nimeona niandike.

Niko Columbus, Ohio, raia wa Marekani wa kuapishwa tangu 2020. Kazi yangu ni gari: asubuhi nabeba abiria wa app, jioni napeleka watu chakula. Sina bosi, sina hati ya mshahara. Mke wangu yuko Tanga, ndoa tulifunga Desemba 2021. Ombi la I-130 la kumleta mke limeshapita, faili liko NVC (kituo cha taifa cha viza), na ada zote mbili nimelipa, 325 ya maombi ya viza na 120 ya ukaguzi wa udhamini. Sasa ndio nimefika kwenye I-864 yenyewe, ile fomu ya mdhamini kuonyesha ana kipato cha kumtunza anayemleta.

Mwaka jana kwenye app ziliingia dola 68,400. Nikaenda kwa mtu wa kodi, akabofyabofya, akaniambia "umeokoka, hudaiwi sana". Nikampa mkono nikaondoka nacheka. Jana usiku nimeifungua ile ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), mara ya kwanza naisoma kama mtu mzima. Schedule C (karatasi ya faida na hasara ya mtu aliyejiajiri): maili 47,000 mara senti 65.5, kiwango ambacho IRS, mamlaka ya kodi, inaruhusu kukata kwa kila maili ya kazi, ni 30,785. Kamisheni na ada za app 16,900. Simu 1,100. Kuosha gari, barabara za kulipia na vikorokoro vingine 1,215. Makato yote 50,000 kamili. Faida 18,400, na mstari wa 9 wa Fomu 1040, yaani jumla ya mapato, umeandikwa hiyo hiyo 18,400.

Nina binti wa miaka 9, anaishi kwa mama yake hapa hapa mjini.

Swali: kwenye fomu naandika 68,400 au 18,400? Maana kusema kweli, hela niliyoishika mkononi ni zaidi ya 18,400. Zile senti 65.5 za kila maili sikumlipa mtu yeyote.

ChumaUlete_Dallas · 12 Machi 2024

Andika 68,400 mkuu, unajitesa bure. Pale dirishani ubalozini wanaangalia picha za harusi na meseji zenu. Hesabu hawana muda nazo.

BiMsusi · 12 Machi 2024

@ChumaUlete_Dallas wewe umeshawahi kumleta mtu, au unaongea tu? Maana mimi nimeleta. Mume wangu nimemtoa Moshi, na mimi ni msusi wa nywele, nafanyia nyumbani kwangu Houston. Hakuna kitu walichokigeuzageuza kama ritani. Picha za harusi waliangalia tatu, wakarudisha.

Kaka usiandike 68,400. Hayo ni mauzo. Muuza samaki hasemi kipato chake ni bei ya samaki wote aliowauza, kuna ya mvuvi, kuna ya barafu, kuna ya bodaboda.

KaraniWaMakato · 13 Machi 2024

Nimeuona uzi. Mimi kazi yangu ndiyo hii, naandaa ritani za watu, nina leseni ya IRS, nusu ya wateja wangu ni madereva. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Fomu ya I-864 inauliza vitu viwili tofauti, na watu wengi wanavichanganya. Kuna kipato chako cha SASA kwa mwaka, na kuna jumla ya mapato kwenye ritani zako. Cha pili hakina mjadala: ni mstari wa 9 wa 1040, kama ulivyo. Kwako ni 18,400. Ofisa atakuwa na transkripti ya IRS (muhtasari wa ritani yako kutoka kwao) mkononi, ukiandika 68,400 hapo umeshajiita mwongo kabla mkeo hajasalimia.

Angalizo dogo: ni mstari wa 9, si wa 11. Nusu ya kodi ya kujiajiri na bima ya afya ya mtu aliyejiajiri hukatwa baada ya mstari wa 9. Nimeona watu wanachukua wa 11 wanajipunja dola elfu mbili tatu bila sababu.

Kiwango sasa. Unatakiwa ufikie asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Kwa mwaka huu wa 2024, familia ya watu 2 ni 25,550, watu 3 ni 32,275, watu 4 ni 39,000. Alaska na Hawaii wana vyao. Wanajeshi walio kazini wanaoleta mke au mume wao hutumia asilimia 100. Wewe ni watu 3. Binti yako anahesabiwa hata kama halali kwako, na hata kama anayemweka kwenye ritani yake ni mama yake, maana ni mwanao na ni mtoto mdogo.

Kwa hiyo unahitaji 32,275, unazo 18,400. Pengo ni 13,875.

Na ile I-864EZ fupi usiiguse. Hiyo ni ya watu wa W-2 (hati ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na pensheni tu.

MvuviWaMaili · 13 Machi 2024

Aisee. Binti sikumhesabu, mimi nilikuwa naangalia 25,550 nikasema nimekosa kidogo. Kumbe ni bonde.

Nina akiba ya 9,000. Mke ana duka la vitenge pale Barabara ya 12 na kiwanja Pongwe. Haviwezi kuziba?

KaraniWaMakato · 13 Machi 2024

Mali inaruhusiwa, lakini kwa raia anayemleta mke lazima iwe mara 3 ya pengo. 13,875 mara 3 ni 41,625. Mwenye grini kadi anayemleta mke, yeye ni mara 5, kwa hiyo shukuru uliapa.

Duka la shemeji: kipato cha mhamiaji kinahesabiwa tu kama kitaendelea kutoka chanzo kile kile akishafika huku. Vitenge vya Barabara ya 12 haviwezi kumfuata Ohio. Kiwanja kinaweza kuhesabiwa kama kinaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja, na fedha hiyo iweze kutoka nchini. Kina hati?

MvuviWaMaili · 13 Machi 2024

Kina karatasi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanne, na mmoja wao ni marehemu.

BiMsusi · 13 Machi 2024

😂😂 Kiwanja cha mashahidi. Nimecheka peke yangu mteja yuko kwenye kiti ananiuliza kuna nini.

SemiLaMzee · 14 Machi 2024

Wadau, mimi niko Kansas City, nina lori langu mwenyewe. Acha niwasimulie kisa changu ili kijana asirudie.

Nilinunua semi 2021. Mtu wangu wa kodi akaniambia kuna kitu kinaitwa Section 179, unaweza kukata bei yote ya lori mwaka ule ule badala ya kuigawa miaka. Nikasema kata baba, kata. Mwaka huo lori liliingiza 214,000. Baada ya dizeli, bima, matengenezo, posho za chakula njiani na lile panga la 179, ritani ikatoka na 9,100. Wenzangu truck stop nikawaonyesha, tukapigana tano. Mtu ana lori la mamilioni, anaonekana maskini kuliko mlinzi wa usiku.

Miezi kumi baadaye mke wangu amesimama dirishani kwenye ubalozi, nchi siitaji. Ofisa anamuuliza kwa upole kabisa: mumeo anaishije na dola elfu tisa? Mke hajui Section 179 wala ndugu yake. Akajibu, "Mungu anatusaidia." Akarudishwa na karatasi ya 221(g), yaani viza imesimama kwanza, lete mdhamini mwenza.

Nilipeleka maelezo kwamba uchakavu wa lori ni makato ya kwenye karatasi, hela haikutoka mfukoni mwaka huo. Barua nzuri, kurasa tatu. Haikusaidia. Wao wanasoma jumla ya mapato ilivyoandikwa, basi.

Aliyenitoa ni kaka yangu, nesi. Hapo napo kuna somo: mdhamini mwenza hajumlishi kipato chake na chako. Yeye anapimwa peke yake, kwa familia yake na huyo mhamiaji juu. Kaka ana watu 5 nyumbani, ukimweka mke wangu ni 6, kwa viwango vya sasa ni 52,450. Na bado mimi nilitakiwa kujaza I-864 yangu na ile 9,100 yangu ya aibu. Huwezi kujificha nyuma ya mdhamini.

ChumaUlete_Dallas · 14 Machi 2024

Sasa si arekebishe ritani tu? Apeleke 1040-X, afute maili zote, ionekane ana faida 49,000, alipe kodi kidogo, mke aje. Akishafika arekebishe tena kurudisha.

KaraniWaMakato · 14 Machi 2024

@ChumaUlete_Dallas hilo ndilo litakalomfunga. 1040-X ipo kwa ajili ya kusahihisha kosa, na una miaka 3 tangu ulipowasilisha. Si ya kuongeza kipato cha maonyesho halafu kukipunguza. Na sheria ya kodi ya kujiajiri inakutaka utoe gharama zako zote halali unapopiga hesabu ya faida, huruhusiwi kuziacha kwa makusudi ili uonekane tajiri. Akirekebisha kwenda na kurudi, ameacha alama mbili kwenye transkripti, na I-864 ameisaini chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo. Akija kuomba uraia wa mkewe miaka mitatu baadaye, hilo jalada bado lipo.

Kurekebisha kwa haki ni jambo jingine.

BiMsusi · 14 Machi 2024

Kwa haki, hapo ndipo mimi nilipopita. Nisimulie.

Kazi yangu ni hela ya mkononi na Zelle (kutumiana hela kwa simu). Miaka yote nilikuwa naripoti, sidanganyi, lakini naripoti kwa kumpelekea mtu wa kodi namba moja tu kwenye karatasi. Huyo mtu, jina lake nalihifadhi, ana ofisi nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Nilipoanza makaratasi ya mume nikaomba nakala ya ritani yangu yote, na Schedule C ndani. Nakuta nina gari la biashara lenye maili 19,000. Gari! Mimi nasukia sebuleni kwangu, wateja ndio wanakuja. Nakuta "mkufunzi wa nje" nimemlipa 4,000. Sijawahi kumlipa mtu. Aliziweka ili nirudishiwe zaidi, na yeye apate asilimia yake.

Nikaenda kwa mwingine, tukakaa jumamosi tatu na kadibodi la risiti. Nywele nazinunua kwa jumla, zile risiti za joto zilikuwa zimeshafutika, tukalazimika kuomba maduka wachapishe upya. Tukapeleka 1040-X ya mwaka mmoja, faida ikapanda kutoka 15,200 hadi 33,700. Nikalipa kodi niliyokuwa nadaiwa, na riba juu. Iliuma. Nakumbuka nilisimama jikoni nimeshika simu dakika nzima kabla ya kubonyeza.

Mume alipoulizwa kwa nini ritani ilibadilishwa, alikuwa na barua yangu ya ukurasa mmoja, na transkripti inayoonyesha marekebisho na malipo. Dakika tano. Tofauti yangu na alichosema Chuma ni kwamba yale maili hayakuwahi kuwepo. Ya kwako kaka yapo, uliyaendesha. Huna cha kusahihisha.

MvuviWaMaili · 15 Machi 2024

Nimekusoma dada. Kwa hiyo 2023 nimeshaula wa chuya. Nina njia gani mbele?

KaraniWaMakato · 16 Machi 2024

Njia ya haraka ni mdhamini mwenza. Raia au mwenye grini kadi, miaka 18 na kuendelea, makazi yake Marekani. Unamaliza mwezi huu.

Njia ya pili ni kipato cha sasa. Sheria haisemi lazima ritani iwe imefika kiwango, inachoangaliwa hasa ni unachoingiza sasa, na ritani ni ushahidi wa historia yako. Mtu wa mshahara hapo ana barua ya mwajiri na stabu za malipo, amemaliza. Wewe mwajiri ni wewe. Barua ya kujiandikia mwenyewe haina uzito, kwa hiyo unajenga ushahidi mwingine: taarifa ya faida na hasara kuanzia Januari hadi mwezi huu, muhtasari wa kila wiki wa app, taarifa za benki za miezi 12, na kitu ambacho watu wengi wanakisahau, malipo ya kodi ya robo mwaka. Kama unasema mwaka huu utapata 36,000, basi tarehe 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari uwe umelipa kodi inayolingana na 36,000. Risiti ya IRS ya robo mwaka inasema zaidi ya barua yoyote, maana hakuna anayelipa kodi ya hela asiyoipata. Taarifa za benki peke yake usitegemee, hela iliyoingia benki ni mauzo, si faida.

Lakini niseme ukweli: kuruka kutoka 18,400 hadi 36,000 kwa karatasi za kujitengenezea, kazi ile ile, gari lile lile, ofisa atauliza kimebadilika nini.

Ya tatu. Gari lako ni la namna gani, na ni lako au la kukodi?

MvuviWaMaili · 16 Machi 2024

Camry hybrid, ni yangu, nilianza nayo kazi 2022. Mdhamini mwenza nina binamu Maryland. Nilimpigia, akaniuliza ni mpaka lini. Nikamsomea. Kimya, halafu akasema shemeji yako amefika nitakupigia.

SemiLaMzee · 16 Machi 2024

Hatakupigia 😅

Na si kosa lake. Ile si barua ya kumjua mtu, ni mkataba, ndivyo ulivyo tangu Desemba 1997. Unaendelea mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au afikishe robo 40 za kazi, kama miaka kumi hivi, au aondoke nchini moja kwa moja na kuachia grini kadi, au kifo. Talaka haiufuti. Kaka yangu mpaka leo kila Krismasi ananiuliza shemeji anaomba uraia lini.

KaraniWaMakato · 17 Machi 2024

Camry hybrid, ya kwako, na mwaka wa kwanza mlitumia kiwango cha maili. Basi sikiliza.

Senti kwa maili ni njia moja tu ya kupiga gharama za gari. Mwaka huu ni senti 67. Njia ya pili ni gharama halisi: mafuta, bima, matairi, matengenezo, uchakavu, kisha unachukua sehemu ya biashara tu. Ukianza na kiwango cha maili mwaka wa kwanza wa gari lako mwenyewe, sheria inakuruhusu kuhamia gharama halisi miaka ya mbele, isipokuwa uchakavu utaupiga kwa mstari mnyoofu, yaani kiasi kile kile kila mwaka. Gari la kukodi haliruhusiwi, ukianza na maili unabaki na maili mpaka mkataba wa kukodi uishe.

Kwa gari linalonusa mafuta kama hybrid, gharama halisi mara nyingi ni chini ya nusu ya kiwango cha maili. Faida yako inapanda. Kodi nayo inapanda, hilo ulijue. Hii si ujanja, ni chaguo lililomo kwenye sheria, lakini inakudai risiti za mwaka mzima na daftari la maili, za kazi na za binafsi. Huwezi kuamua Desemba halafu ukaanza kuokota risiti chini ya kiti.

Kwa hiyo uamuzi ni wako: binamu leo, au ritani ya 2024 iliyokaa vizuri Februari 2025.

PwaniUnguja · 17 Machi 2024

Samahanini kuingilia. Mimi ni raia wa Marekani ila naishi Unguja, nina kampuni ndogo ya kutembeza watalii, nataka kuhamia huko na mume wangu. Kipato ni kizuri tu, lakini ritani yangu mstari wa 9 unasoma sifuri kwa sababu ya ule msamaha wa kipato cha nje ya nchi, Fomu 2555. Nami naingia humu?

KaraniWaMakato · 17 Machi 2024

Unaingia, na wewe ni mgumu zaidi. Sifuri yako inaelezeka, ambatisha 2555 yenyewe waione. Tatizo ni kwamba kampuni ya Unguja itaendelea kukulipa ukiwa huku? Kama hapana, kipato hicho hakihesabiki. Na lazima uonyeshe makazi yako ni Marekani au kwamba unarudi kweli: mkataba wa nyumba, shule ya watoto, kazi iliyokubaliwa. Mdhamini mwenza hakuondolei sharti hilo la makazi. Fungua uzi wako, tusimzike kijana wa watu.

Otieno_MN · 19 Machi 2024

Niaje wasee wa Bongo. Mimi ni Mkenya, Minneapolis. Swali la haraka, mimi nilichukua extension (muda zaidi wa kupeleka ritani), ritani ya 2023 bado, nimfanyie nini NVC?

KaraniWaMakato · 19 Machi 2024

Peleka ritani ya 2022 na uthibitisho wa Fomu 4868, ile ya kuomba extension. Una mpaka 15 Oktoba. Ila kama usaili utakuwa baada ya hapo, mwenzako aende na ya 2023 mkononi, ataulizwa tu.

MvuviWaMaili · 24 Machi 2024

Nimeongea na mke. Tumelia kidogo, tukaamua kusubiri. Binamu hajapiga.

ChumaUlete_Dallas · 24 Machi 2024

Mwaka mzima kwa ajili ya namba moja?? Dah.

BiMsusi · 24 Machi 2024

Kaka, ukisubiri usiliache faili likafa. NVC ukikaa mwaka mzima bila kuwasiliana nao wanaweza kulifunga, unaanza upya kuanzia I-130. Ingia kwenye mfumo, au waandikie ujumbe mmoja kila baada ya miezi michache, na uhifadhi jibu.

MvuviWaMaili · 9 Septemba 2024

Nimerudi na taarifa. Tangu Aprili kila risiti ya mafuta naipiga picha hapo hapo pampu, naandika maili kwenye daftari. Kuanzia Agosti nimeongeza boksi usiku, ghala la hapa Columbus, siku tatu kwa wiki. Niliapa sitarudi kwenye boksi tangu 2017. Mgongo unakumbuka.

Robo ya Juni nimelipa. Ya Septemba ipo tayari.

SemiLaMzee · 9 Septemba 2024

Boksi inakupa W-2. Hata ikiwa ndogo, ofisa akiona W-2 anapumua. Kaza.

MvuviWaMaili · 22 Februari 2025

Wakuu, ritani ya 2024 imeingia. Naweka hesabu ili atakayekuja aone.

Mauzo ya app 61,000, nilipunguza masaa. Kamisheni na ada 15,200. Gari kwa gharama halisi, sehemu ya biashara, 12,100. Simu na mengineyo 2,100. Faida 31,600. Mshahara wa boksi 9,800. Mstari wa 9: 41,400. Kiwango cha 2025 kwa watu 3 ni 33,312, kwa hiyo hata kilipopanda nimekivuka.

Maili za kazi zilikuwa 40,000. Kwa senti 67 makato yangekuwa 26,800 na faida ingekuwa 16,900. Kazi ile ile, jasho lile lile. Kodi ya kujiajiri peke yake imeongezeka dola elfu mbili na ushee. Nimelipa bila kinyongo, nimehesabu ni nauli.

Nasubiri transkripti ikae sawa kwenye akaunti ya IRS, kisha napakia: transkripti, W-2, 1099-K (taarifa ya malipo ya app), Schedule C, stabu za boksi, barua ya ghala, risiti za robo zote nne.

KaraniWaMakato · 22 Februari 2025

Safi kabisa. Kwenye fomu weka vyote viwili, mwajiri wako na kwamba umejiajiri. Usiandike tu boksi kwa sababu inaonekana nadhifu. Na kipato cha sasa andika unachokipata kweli mwaka huu, hata kama hakifanani na 41,400.

MvuviWaMaili · 30 Julai 2025

Ametoka dirishani Dar leo asubuhi. Viza imekubaliwa!

Aliulizwa mume anafanya kazi gani. Akasema dereva, na usiku yuko ghalani. Ofisa akaangalia karatasi, akauliza kwa nini 2023 ilikuwa ndogo. Mke akamjibu kwa Kiswahili, mkalimani akatafsiri: "Mwaka ule alihesabu maili, mwaka huu amehesabu mafuta." Nilimfundisha sentensi hiyo kwenye simu wiki nzima. Karatasi za benki hawakuzifungua kabisa.

BiMsusi · 30 Julai 2025

Nimepiga vigelegele mpaka jirani amegonga ukuta. Hongera kaka, hongera wifi.

ChumaUlete_Dallas · 31 Julai 2025

Hongera mkuu. Nimejifunza, naomba nifute post zangu za juu.

SemiLaMzee · 31 Julai 2025

Usifute, ziache watu wazione 😂

Otieno_MN · 4 Oktoba 2025

Bro, hilo daftari la maili, ulitumia app ama mkono? Karani wangu anasisitiza mkono.

MvuviWaMaili · 5 Oktoba 2025

Mkono. Kauntabuku niliyoibeba kutoka Tanga 2019, nilikuwa sijaiandika hata ukurasa. Tarehe, maili za kuanza, maili za kumaliza, kazi au binafsi. Nikisahau siku, naacha wazi, sibuni.

Maili ziliishia katikati ya daftari. Kurasa zilizobaki mke amezichukua, ana wiki tatu tangu afike na ameshaanza kuandika nani anadaiwa kitenge.